Siku Niliyoomba Kutolewa Uwanjani

Jumapili, mchana unaelekea jioni. Mvua inanyesha tangu tulipotoka kanisani, ile mvua nyembamba ya Songea isiyo na haraka, na vilima vya Matogoro havionekani kabisa.

Nimechoka.

Goti la kulia limevimba. Nimelinyoosha chini ya meza hapa intaneti kafe, Majengo, na dada anayehudumia amelikwepa mara mbili akipita bila kuniuliza lina nini. Lakini uchovu wenyewe hauko kwenye goti. Ni wa mtu aliyebeba kitu kizito muda mrefu, akakitua, na bado anatembea ameinama.

Sijui nani husoma blogu hii. Shemeji yangu aliyeko Dar es Salaam ndiye aliyenifungulia, akasema andika chochote. Mara ya mwisho niliandika kuhusu pikipiki za Kichina zinavyoujaza mji. Leo naandika kuhusu jana, kwa sababu nyumbani nimeshindwa kuyasema yote, na kijiweni sitaki kuyasema.

Jana niliomba kutolewa uwanjani.

Kwa asiyenijua: naitwa Kastori, nina miaka thelathini na sita, nauza vipuri vya baiskeli na pikipiki karibu na soko la Majengo, na ni nahodha wa timu inayoitwa Ghala. Jina limetokana na ghala la tumbaku. Zamani lilikuwa la shirika la umma, na sisi wachezaji tulikuwa wafanyakazi pale, wengine wapakiaji, wengine walinzi, mimi nilikaa kwenye mizani. Shirika lilitununulia jezi, lilitupa lori la kutupeleka Mbinga na Tunduru, na siku ya mechi ya nyumbani tuliruhusiwa kutoka kazini mapema. Kisha shirika likauzwa. Wenye mali wapya walikuja na mashine zao na watu wao, wakatupunguza kazi wengi wetu, na kuhusu timu walisema kwa upole kabisa kwamba wao hawafanyi biashara ya mpira. Jina tukabaki nalo kwa sababu hakuna aliyelitaka.

Sasa tunashika mkia kwenye ligi ya mkoa. Timu mbili za chini zinashuka kwenda ligi ya wilaya. Kwa timu isiyo na mwenyewe, kushuka ni kufa. Watu wataacha kuchangia nauli, wachezaji wazuri watahama, na Ghala itabaki hadithi ya kusimuliana kwenye vilabu vya pombe ya komoni.

Kocha wetu ni Mwalimu Fidelis. Tunamwita Mwalimu kwa sababu alifundisha shule ya msingi mpaka akastaafu, na watu wengi wa mji huu wamepita mikononi mwake, na kwenye fimbo yake. Mimi pia. Alinifundisha kusoma, baadaye akanifundisha kukaba, na nilipooa ndiye aliyesimama kuwa msimamizi wangu mbele ya padri. Kwa hiyo watu wakimsema vibaya pale kijiweni, mimi huinuka nikaenda kuangalia kama dukani kuna mteja.

Na siku hizi wanamsema sana.

Wanamsema kwa sababu ana mfumo mmoja tu. Mabeki watatu wanakaba mtu na mtu, kila mmoja na wake, na ukimkaba mtu umfuate hata akienda kunywa maji. Nyuma yao anabaki mchezaji mmoja asiye na mtu wa kumkaba, kazi yake ni kufagia chochote kilichowapita wenzake. Huyo tunamwita mkoba. Mpira ukipatikana unapigwa mrefu kwa winga wa kulia, winga anakimbia, anatia krosi. Basi. Mfumo huo ulitupa kombe la mkoa wakati nina miaka ishirini na kidogo, na mkoba wa siku ile nilikuwa mimi. Mkoba wa leo bado ni mimi.

Tatizo ni kwamba kila timu ya mkoa huu imeshatujua. Wakija, mbele wanaacha mshambuliaji mmoja tu. Mabeki wetu wawili wanabaki hawana wa kumkaba, wanaangaliana. Wale waliopungua mbele wameenda kujaa katikati, na viungo wetu wanakimbizana na watu wengi kuliko wao mpaka ndimi ziko nje. Mpira mrefu kwa winga nao unasubiriwa, maana winga ameshawekewa watu wawili tangu asubuhi. Tunafungwa mabao yaleyale. Ningeweza kufumba macho nikakuelezea bao la wiki ijayo.

Jumatano, baada ya mazoezi, Saidi alikuja dukani kwangu.

Saidi ni beki wetu wa kati. Ni mtu wa Nakapanya, kule Tunduru, kwao wanalima korosho. Alikuja mjini kuuza mashati ya mitumba, na siku ya kwanza aliyoomba kufanya mazoezi nasi Mwalimu alimtazama dakika chache akasema huyu abaki. Ana kama miaka ishirini na mitatu. Ana mwili wa kazi na akili inayouliza maswali. Jioni nyingi utamkuta kwenye banda la video, wanakoonyesha mpira wa Ulaya kwa dishi, amekaa mbele kabisa, hashangilii, anatazama tu.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Unataka tairi?"

"Nataka tuongee mpira." Akakaa kwenye benchi la wateja, akashika mnyororo wa baiskeli uliokuwa hapo akaanza kuuzungusha vidoleni. "Kaka, wewe Mwalimu anakusikia. Mwambie tubadilike. Siyo kutupa kila kitu. Ila tukiona wenzetu wamejaza kati, na sisi tujaze kati. Tukiona wamerudi nyuma, na sisi twende kwao. Wallahi, tunacheza kama watu waliokariri."

"Haya ndiyo mnayojifunza kule bandani?"

"Kule kule. Kule mabeki wanne wanasimama mstari mmoja, wanapanda pamoja, wanashuka pamoja. Adui akibaki nyuma yao, ameotea. Mkoba hakuna tena."

Alipolitamka hilo neno akaacha kuuzungusha ule mnyororo.

"Sijakukusudia wewe, kaka."

"Najua," nikamwambia.

Nilijua kweli. Na nilikubaliana naye. Niseme ukweli hapa kwa kuwa ndipo mahali pangu pa kusema ukweli: hata nilifurahi kidogo. Nilijiona kama mzee wa busara anayetumwa na vijana kwa mfalme. Nilipanga maneno yangu siku nzima ya Alhamisi huku nauza spoku na balbu.

Jioni nikaenda nyumbani kwa Mwalimu. Nilimkuta barazani anapukuchua mahindi, ndoo kati ya miguu. Mkewe amekwenda kumuuguza dada yake Peramiho, kwa hiyo siku hizi anafanya kila kitu mwenyewe, na ameanza kukonda. Nikamwamkia, nikavuta kigoda, nikachukua hindi nikapukuchua pamoja naye. Kisha nikaanza.

Nilisema vizuri. Nilimweleza kuhusu katikati, kuhusu mabeki wanaokaa bure, kuhusu winga anayesubiriwa. Nikamwambia hakuna anayetaka kuvunja alichojenga, tunataka tu tuwe na namna mbili au tatu za kucheza, kufuatana na tuliyekutana naye. Alinisikiliza bila kunikatiza, kama alivyokuwa akimsikiliza mwanafunzi aliyesimama kusoma kwa sauti.

Nilipomaliza akapangusa mikono kwenye suruali.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, Mwalimu."

"Unadhani siyaoni hayo?"

Akachukua hindi jingine.

"Nayaona tangu msimu uliopita. Nakuuliza jambo moja. Nikiwapanga mabeki wanne mstari mmoja, wapande washuke, wewe nikuweke wapi?"

Nilibaki na gunzi mkononi.

Kuna jambo ambalo watu wa kijiweni hawalioni, na mimi nimeliona muda mrefu nikaligeuzia uso. Mkoba mwenye kasi husimama karibu na wenzake. Kasi ikipungua, anarudi nyuma kidogo ili asipitwe. Msimu unaofuata anarudi tena kidogo. Mabeki wanamwangalia mkoba wao yuko wapi, nao wanarudi. Viungo wanawaangalia mabeki, nao wanarudi. Mwisho katikati ya uwanja panakuwa shamba la jirani, yeyote anapita anachuma.

Timu nzima ya Ghala inarudi nyuma kufuata goti langu.

Mwalimu aliendelea kupukuchua. Akasema, kwa sauti ya mtu anayezungumzia mahindi, "Ulipoachishwa kazi pale ghalani ulikuja hapa ukakaa hapo ulipokaa. Ulisema umebakiwa na mke na mpira. Mke sikuwa na la kufanya. Mpira ulikuwa mikononi mwangu."

Nikasema tuiache habari hiyo mpaka baada ya mechi ya Jumamosi. Akasema sawa. Nikamsaidia kuingiza ndoo ndani, nikaaga.

Nilitembea kwenda nyumbani nikiwa na hasira, na sikujua hasira ya nini. Mtu amekupenda kwa gharama ya timu nzima, utamlaumu kwa lipi? Lakini pia nilihisi kama nimevuliwa nguo. Miezi yote hii watu wanasema Mwalimu ni mzee, Mwalimu ni mbishi, Mwalimu hataki kujifunza, na yeye alikuwa anayabeba maneno hayo ili mimi nisiambiwe neno moja tu.

Ijumaa sikufanya lolote la maana. Nilimuuzia mtu paipu isiyo saizi yake, akairudisha.

Jana, Jumamosi, tulicheza na timu ya kutoka Mbinga. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, uwanja umelainika, upande wa goli la chini kuna tope linalonata kwenye kiatu. Watu walikuja wa kutosha. Mashabiki wa timu inayokufa huja kwa wingi kidogo mwishoni, sijui kwa nini.

Kipindi cha kwanza sitakisimulia sana. Walifanya vilevile wanavyofanya wote. Mmoja mbele, wengine wamejaa kati. Bao la kwanza kiungo wao alipokea mpira peke yake katikati, akatembea nao, nikamwona anakuja, mabeki wote wamerudi kunifuata mimi, akapiga kutoka mbali akiwa hajaguswa na mtu. Bao la pili nilikimbizana na yule mshambuliaji wao. Nilianza mbele yake. Nilimaliza nyuma yake, kwenye tope, nimepiga magoti, nikautazama mpira ukiingia taratibu.

Kuna mtu kule pembeni akasema, hakupaza hata sauti, "Kasto, baba, kapumzike." Hakuwa ananitania. Alisema kwa huruma, na huruma ndiyo iliyoniuma.

Mapumziko tulikaa chini ya miti ya mikaratusi, nyuma ya goli la juu. Mwalimu alikuwa anasema yale anayosema siku zote. Kaba mtu wako. Usimwachie nafasi. Winga fungua. Wachezaji walikuwa wanatazama viatu vyao. Saidi alinitazama mara moja, akageuza macho haraka, na nikajua hatanidai lolote, hatanikumbusha kitu.

Nilifikiria kusema nimeumia. Ingekuwa rahisi. Goti lilikuwa limeshaanza kujaa, ningelishika tu, ningechechemea, na kila mtu angenipa pole. Mwalimu angenitoa bila kuaibika, na mimi ningetoka bila kuaibika. Nilishaweka hata mkono juu ya goti.

Kisha nikaona kwamba nikitoka kwa goti, Jumamosi ijayo goti litakuwa limepona, na tutarudi palepale.

"Mwalimu," nikasema, "nitoe."

Akaliangalia goti langu. "Umeumia?"

"Sijaumia. Nitoe, Saidi asimamie nyuma, wawe wanne mstari mmoja. Nafasi yangu muingize beki mwenye mbio."

Wote wakainua vichwa. Bosko, beki wetu wa kushoto ambaye nimecheza naye tangu enzi za ghala, akasema, "Kasto, acha hizo." Nilikuwa namtazama Mwalimu, na Mwalimu alikuwa ananitazama kwa namna ambayo sijui niielezeje. Alikasirika, hilo nililiona. Nilikuwa nimempokonya kitu mbele ya watu. Siku mbili nyuma alinifungulia moyo wake barazani, na sasa nimeuchukua uamuzi wake nikautoa hadharani. Lakini nyuma ya hasira kulikuwa na kitu kingine, kama mtu aliyeambiwa aketi baada ya kusimama siku nzima.

"Nani ataita huo mstari?" akauliza.

"Mimi, Mwalimu," Saidi akasema.

"Umewahi kuuita wapi?"

"Sijawahi. Nimeuona tu."

Mwalimu akavuta pumzi. "Haya," akasema. "Kastori, mpe kitambaa."

Nilikivua kitambaa cha unahodha, kimelowa, nikamfunga Saidi mkononi. Mkono wake ni mnene kuliko wangu, hakikutosha vizuri, ikabidi nikifunge fundo.

Nikaenda kukaa benchi.

Sikuwahi kukaa lile benchi. Ni ubao juu ya matofali mawili, na ukikaa mwishoni unainuka upande wa pili. Mwalimu alikaa mwisho mmoja, mimi mwisho mwingine.

Kipindi cha pili kilianza, na muda mfupi wa mwanzo niliogopa kutazama. Halafu nikamsikia Saidi anaita, "Panda," na mabeki wote wanne wakapanda, kwa kuchelewa, mmoja mbele mmoja nyuma, lakini wakapanda. Katikati ghafla kulikuwa na watu wetu. Sijui nilieleze vipi. Ni kama chumba ulichokizoea, mtu amesogeza kabati, na unaona kumbe palikuwa na dirisha. Viungo wetu walianza kupokea mpira huku wamegeukia mbele. Winga, ambaye miaka yote anasubiri mpira mrefu pembeni, aliingia ndani, na wale wawili waliowekwa kumlinda wakabaki hawajui wamfuate au wakae. Bao letu la kwanza lilitokea hapo. La pili lilifuata kona.

Kabla ya hilo la pili kuna kitu kilitokea ambacho hakuna aliyekisimulia kijiweni, ila mimi nakiwaza tangu jana. Saidi alipandisha mstari, na mshambuliaji wao akajikuta yuko nyuma peke yake, mshika kibendera ameinua. Nilisimama nikapiga makofi. Nilipiga kwa nguvu kabisa. Kisha nikakumbuka kwamba pale alipokuwa amesimama Saidi ni mahali pangu, na nilikuwa nashangilia kwa sababu sipo.

Nikakaa chini. Benchi likamwinua Mwalimu kidogo, akalishika kwa mkono.

Ningependa kuandika kwamba tulishinda, au hata sare. Tulifungwa tatu kwa mbili. Mechi ikielekea mwisho Saidi aliita tena, watatu wakapanda, Bosko akabaki. Hakuzembea. Alibaki kwa sababu kwa zaidi ya miaka kumi mpira ukija upande ule yeye hubaki kumsubiri mtu wake, akijua nyuma yake nipo. Miguu yake ilifanya ilichokizoea. Mshambuliaji akawa hajaotea, akapokea, akafunga. Bosko alisimama pale ameshika kiuno anatazama nyuma, na nadhani alikuwa ananitafuta.

Hatukuwa tumefanya mazoezi ya jambo hilo hata siku moja. Huwezi kuwaambia watu kwenye mapumziko wasahau walichofundishwa ujana wao wote.

Kipyenga kilipolia Mwalimu alichukua koti lake akaondoka. Hakumkaripia mtu. Hakuniaga. Nilimwona akitembea kandokando ya barabara, amejiinamia, watu wanampisha, na nikataka kumfuata, na sikumfuata. Saidi alikuja akanirudishia kitambaa, nikamwambia akae nacho. Akasema, "Kaka, bao lile la tatu ni kosa langu, niliita mapema." Nikamwambia nenda nyumbani ukaoge.

Nyumbani Veronika, mke wangu, alikuwa ameshasikia. Habari za mpira humfikia kabla yangu siku zote.

"Wamekutoa?"

"Nimejitoa."

"Kuna tofauti gani?"

Nilifikiri nikamjibu kwamba sijui, labda ipo, labda ni ya kujifariji tu. Akanichemshia maji ya chumvi, akanikandia goti, na alipokuwa anakanda akasema polepole, bila kuniangalia, "Nilikuwa naogopa siku hiyo kuliko wewe." Nilimuuliza kwa nini. Akasema kazi ilipoisha nilikaa miezi ndani ya nyumba kama mgeni, na yeye hataki mgeni yule arudi.

Sikuwa nimelijua hilo. Kwamba alikuwa anaiombea timu ya Ghala isishuke kwa sababu hiyo.

Asubuhi ya leo tulikwenda misa pamoja. Nilimwona Mwalimu amekaa mahali pake pa siku zote, peke yake. Nilimwombea. Na mimi nilijiombea kidogo, nilipomaliza.

Tulipotoka mvua ilikuwa imeanza, watu wamejibanza chini ya paa la kanisa. Nilimkuta amesimama pembeni na mwavuli ambao hajaufungua. Nikamwamkia. Aliitikia.

"Ungeniambia tukiwa wawili," akasema.

"Ningepaswa, Mwalimu. Alhamisi nilishindwa."

"Na mimi Alhamisi nilikuuliza swali nikijua utashindwa." Akatazama mvua. "Usiku nilikuwa nalitafuta lile bao la tatu lilipitia wapi."

"Bosko alibaki."

"Bosko alibaki kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha kubaki. Na alibaki vizuri sana."

Karibu nicheke. Yeye hakucheka. Alikuwa anaonekana mzee kuliko juzi, lakini shingo ilikuwa imenyooka.

"Jumanne uje mazoezini," akasema.

"Nije kama nani?"

"Sijui."

Mtu huyu amenifundisha tangu darasa la kwanza. Sikumbuki hata mara moja kumsikia akitamka neno hilo. Akalirudia, kama anayeionja chumvi ya mboga. "Sijui bado. Pengine usimame mbele yao badala ya nyuma yao, huko hakuna mbio ndefu. Pengine ukae benchi uwasemeshe. Jumanne tutajaribu hili, Alhamisi lile. Yule Saidi naye anieleze hayo mambo ya bandani, ila polepole, na asiniambie habari za Ulaya."

Akaniambia nimsalimie Veronika, ambaye alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwetu na anasikia kila neno. Akafungua mwavuli, akashuka ngazi.

Hiyo ndiyo habari yote.

Sitaki kujidanganya. Mechi zilizobaki ni chache, na walio juu yetu wameshatuacha. Tunaweza kubadilika na bado tukashuka. Tunaweza hata kushuka kwa sababu tumebadilika, maana tutafungwa mabao mengine ya kujifunzia. Kijiweni leo nimesikia kwa mbali wakibishana kwamba Kasto amesaliti na Mwalimu amechanganyikiwa. Sikusimama. Goti halikutaka, na mimi sikutaka.

Najiuliza tu ni vitu vingapi vingine nimevifanya hivi, nikarudi nyuma kidogo kila mwaka ili nisipitwe, na waliokuwa mbele yangu wakarudi pamoja nami kwa kuniheshimu. Nyumbani. Dukani. Nitalifikiria siku ambayo sijachoka hivi.

Mvua inapungua. Napita dukani kuona kama maji hayajaingia chini ya mlango, halafu naenda kula. Jumanne nitalifunga goti kwa bendeji, nitakwenda. Wakinisimamisha mahali nisipopajua, nitasimama hapo, na nitamuuliza Saidi: haya, sasa nifanye nini?